Springi za Mzigo wa Thamani

Springi ya nyuma ya gari langu, upande wa dereva, ilikatika kwenye barabara ya vumbi kati ya Bugarama na Segese, siku moja tu baada ya mimi kupokea barua niliyoisubiri kwa mihula miwili. Barua ilitoka katika shule moja kongwe ya mjini Shinyanga. Ilieleza kwamba maabara yao imepata vifaa vipya, na kwamba vile vya zamani vingekuwa vyetu, mradi tuvifuate wenyewe kabla ya Jumatatu, kwa sababu chumba vilimohifadhiwa kilikuwa kinakabidhiwa kwa kazi nyingine. Siku springi ilipokatika ilikuwa Alhamisi.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha kemia na fizikia katika shule ya sekondari ya kata, hapo Segese. Nilikuwa nimetoka chuoni na imani kwamba mwalimu mwenye bidii hashindwi na chochote. Kisha nikakuta maabara yenye meza, masinki yasiyo na maji na kabati tupu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walijifunza bureti kwa chaki. Bureti ni mrija mwembamba wa kioo wenye alama za vipimo, na chini yake kuna bomba dogo linaloachia kimiminika tone kwa tone. Ili walioketi nyuma wazione alama hizo, niliichora kuanzia juu ya ubao mpaka chini. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono.

"Madam, ukitaka kuijaza hiyo, unapanda juu ya meza?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipofika ofisini sikucheka tena. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wao wa vitendo, na mtoto yule aliuliza swali la haki kabisa: hakuwa na njia nyingine ya kujua ukubwa wa kitu ambacho angepimwa nacho.

Kwa hiyo vile vioo vya Shinyanga vilikuwa kila kitu. Vikipasuka njiani, hakuna mahali pengine pa kuviomba.

Fundi baiskeli wa Segese alinisaidia kwa alichokuwa nacho. Alikunja vipande viwili vya tairi la lori, akavisokomeza mahali springi ilipokatikia, akavifunga kwa waya. Ijumaa baada ya vipindi nikaondoka hivyo, polepole, gari limeinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo. Nikafika kwa shangazi yangu mjini Shinyanga, na Jumamosi jua linapochomoza nilikuwa tayari nimesimama kwenye gereji moja iliyo nyuma ya ghala la zamani la pamba.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee wa rika la baba yangu, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua lilipokuwa kali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Springi ya nyuma imekatika, na shokapu nazo nadhani zimechoka."

Alipiga goti, akachungulia, akacheka kidogo alipoona vile vipande vya tairi. "Aliyekufanyia hivi ni mtu mwenye huruma," akasema. Kisha akainuka na kuniuliza swali ambalo fundi mzuri wa gari huuliza kabla ya kushika spana. "Gari hili linabeba nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, nami nilikosea kwa neno. Tangu barua ifike nilikuwa nimeishi na hotuba kichwani. Nilikuwa nimemweleza mkuu wa shule, na shangazi, na hata nafsi yangu nilipokuwa nikiendesha, jinsi vifaa vile vilivyokuwa na thamani isiyopimika kwa watoto wa wakulima na wachimbaji. Nilipenda maneno makubwa wakati ule. Basi sikumwambia fundi kwamba nabeba mirija ya kioo. Nilisema:

"Mzigo, baba. Mzigo wa thamani kubwa sana. Nikiufikisha Segese salama, maisha ya watu wengi yatabadilika."

Aliacha kufuta mikono. Akaniangalia mimi, akaangalia viatu vyangu vya vumbi, akaangalia gari.

"Segese," akasema taratibu.

"Segese. Njia unaijua ilivyo."

"Naijua sana. Na mzigo wenyewe ni wa safari moja au wa mara kwa mara?"

Nikafikiria shule nyingine za mjini ambazo huenda nazo zingetugawia vifaa siku zijazo. "Mungu akijalia, mara kwa mara."

"Basi bosi, usiwe na shaka. Nimekuelewa."

Nilifurahi mno kueleweka.

Spea mpya za gari kama lile hazifiki kwa urahisi mjini kwetu. Zinazofika ni za mtumba, zimefunguliwa katika magari yaliyokufa, na nyingi kati ya hizo hazikuwa orijino hata zilipokuwa mpya. Rundo lake lilikuwa pembeni mwa ukuta: springi ndefu na fupi, nyembamba na nene, zenye mabaki ya rangi ya bluu, njano, nyekundu, na nyingine zenye kutu tupu. Alizipindua kwa mguu kwa muda mrefu. Akatoa mbili nene.

"Za gari lako hasa sina, na Kahama huzipati. Lakini hizi zitakufaa. Ni Kulwa na Doto hizi," akasema, akitumia majina ambayo Wasukuma huwapa mapacha. Kisha akatabasamu. "Ila kila mmoja ana mama yake."

Kweli hazikufanana. Moja ilikuwa na rangi ya bluu, nyingine haikuwa na rangi yoyote. Dhamiri yangu iliniuma papo hapo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kazi nzuri ni kazi inayofuata vipimo, na vipimo vya kiwanda havikusema lolote kuhusu mama wawili.

"Baba, kufunga vitu visivyofanana si hatari?"

"Hatari ni kufunga visivyofanana ukajifanya vinafanana. Mimi nakwambia mapema: havifanani. Sasa tuone vinatofautiana kiasi gani."

Nilichokiona baada ya hapo kilinitoa kiburi kidogo. Alisimamisha springi zile kwenye zege, akaweka ubao juu ya moja, akapanda juu yake kwa uzito wake wote, akatia alama ya mkaa ukutani mahali ubao ulipofikia. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Ile ya bluu ilishuka zaidi kwa upana wa kidole kimoja. Akakata duara la mpira kutoka kwenye tairi kuukuu, unene wa kidole hicho hicho, liwekwe chini ya ile ya bluu ili gari lisimame sawa.

Kwa shokapu, ambazo kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kurukaruka springi inapojikunjua, alikuwa na njia nyingine. Aliisimamisha kila moja, akaisukuma chini kwa kifua, akaiachia, akahesabu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, wakati ikipanda. Nyingine zilichomoka bila hesabu yoyote, akazitupa. Akabaki na mbili. Moja ilipanda akifika nne, nyingine akifika saba.

"Hii ina haraka," akasema, akiigonga ya kwanza. "Hii ina usingizi. Tutampa mwenye usingizi upande wa dereva, kwa sababu kule ndiko gari lilikoumia."

Nilikuwa nimetoa daftari, naandika. Hakuniuliza naandika nini. Kumbukumbu moja niliipigia mstari: bolti za kwenye bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari, hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza. "Zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake," akaeleza. "Ukizikaza likiwa linaning'inia, bushi inakaa imejipinda maisha yake yote, na haichelewi kukatika." Sikuwa nimeliona jambo hilo katika kitabu chochote.

Kufikia saa nne gari lilikuwa chini. Nyuma yake ilikuwa imeinuka juu, mbele imeinama, kama kuku anayedonoa. Fundi aliridhika kabisa. Mimi nilitaka jaribio.

Pembeni ya gereji alikuwapo mama anayeuza chai. Nikamwomba kikombe cha chai ya rangi, kisijae sana, nikakiweka ndani ya sufuria yake ndogo kwenye sakafu ya gari, upande wa abiria.

"Dada, chai yangu nayo inakwenda kutembezwa?" akauliza.

"Nitairudisha."

"Sufuria urudishe. Chai sina tamaa nayo."

Niliendesha mpaka kwenye kivuko cha reli, mahali ambapo kila gari hutikisika. Sikwenda kasi. Gurudumu la nyuma lilipogonga reli ya kwanza, gari lilirusha mgongo kama punda, na chai haikumwagika, iliruka. Nusu yake ilitua kwenye kiti. Nikatazama kikombe na badala ya chai nikaona bureti, pipeti na chupa nyembamba zikigongana gizani ndani ya maboksi, mwendo wa saa nne.

Njiani kurudi nilijenga mashtaka yangu kwa utaratibu niliojifunza kwenye mijadala ya chuo. Niliona wazi kilichotokea. Mzee alikuwa amemwona msichana asiyejua magari, akatafuta mahali pa kuondolea springi za lori zilizomkalia. Niliegesha, nikashuka, nikasema mbele ya mafundi wote waliokuwapo:

"Baba, umenidanganya."

Milio ya nyundo ilikoma. Fundi alinyooka.

"Sema tena."

"Hivi ulivyonifungia si vya gari dogo. Hizi ni springi za kubebea mawe."

"Ndiyo," akajibu.

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali nini? Mwenye mawe si wewe?"

"Mawe gani?"

"Mawe yako! Mzigo wa thamani kubwa. Unakwenda Segese. Safari za mara kwa mara. Maisha ya watu yatabadilika." Alikuwa akinirudishia maneno yangu moja baada ya jingine, kama mtu anayepanga spana juu ya kitambaa. "Mtu akija hapa akaniambia hivyo, nimfungie springi za kubebea maua?"

Ndipo nikaelewa. Katika ukanda wetu, mtu akisema mzigo, akaongeza Segese, akaongeza thamani, amesema jambo moja tu: viroba vya mawe ya dhahabu vinavyopelekwa kusagwa. Hakuna haja ya kuuliza zaidi, na fundi mwenye adabu haulizi zaidi. Alikuwa amenihudumia kwa uaminifu na kwa siri.

"Mimi ni mwalimu," nikasema, na sauti yangu sasa ilikuwa ndogo. "Nabeba vyombo vya maabara. Ni kioo."

"Kioo?"

"Kioo, baba."

"Cha kunywea?"

"Cha kupimia kemikali. Vingine ni vyembamba kuliko kioo cha chemli."

"Mayu!" Alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Sasa si ungesema kioo! Neno lenyewe fupi hivyo!"

Kutoka chini ya lori moja, sauti ya fundi ambaye sikumwona uso ilisema, "Bosi wa duara kumbe ana chaki mfukoni!" akimaanisha duara la wachimbaji, yaani shimo la dhahabu, na gereji nzima ikaangua kicheko. Mama wa chai alicheka kuliko wote. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ameanza kukusanya vifaa vyake polepole, na nikaona kwamba lile neno langu la kwanza lilikuwa bado limesimama kati yetu.

"Baba, naomba unisamehe," nikasema. "Nimekuita mwongo mbele ya watu, na aliyeficha jambo ni mimi."

Aliweka spana chini. "Neno hilo sijawahi kuambiwa hapa," akasema. "Miaka yote. Ningeambiwa mlevi, ningekubali, nilikuwa nakunywa zamani. Lakini hilo, hapana."

"Naliondoa. Mbele yao hao hao."

Nikageuka, nikalisema kwa sauti, kwamba mzee hakunidanganya, kwamba mimi ndiye niliyesema vibaya. Sijui kama waliokuwa chini ya magari walisikia. Yeye alisikia. Akavuta pumzi, akasukuma kofia nyuma. "Wabeja," akasema, yaani asante. "Haya mwalimu, tuokoe kioo chako."

Nilimwomba azitoe zile springi afunge laini. Akanionyesha rundo. "Laini ziko wapi? Chagua wewe." Nilichagua tatu. Mbili zilikuwa fupi mno. Ya tatu ilikuwa na ufa ambao alinionyesha kwa ukucha. Nilipokuwa nikishika hii na kuacha ile, saa zilikuwa zikienda, na mama mtunza stoo wa ile shule alikuwa ameniambia mlango unafungwa saa nane.

"Sikiliza," fundi akasema. "Springi hii haina ubaya. Ina njaa tu. Imezoea kubeba, wewe unaipa gari tupu, ndiyo maana inakurusha. Ilishe, itatulia."

Mwezi uliopita tu nilikuwa nimeandika kanuni ya springi ubaoni, nimewapa wanafunzi maswali kumi juu yake: ugumu wa springi, uzito unaoning'inia, na jinsi uzito ukiongezeka mtikisiko unavyokuwa wa polepole. Nilisahihisha madaftari yote kwa kalamu nyekundu. Na wala haikunijia akilini kwamba kanuni ile ilikuwa imelala chini ya kiti changu.

Jirani wa gereji alikuwa anajenga, na alikuwa na lundo la mchanga. Kwa ruhusa yake tukajaza viroba. Fundi hakuvitupa tu ndani ya buti. Aliweka kimoja, akasukuma gari kwa goti, akatazama linavyopanda na kushuka. Akaongeza kingine, akasukuma tena. Alichotaka ni lishuke, lipande mara moja, litulie. Vilipofika vinne lilikaribia kutulia, lakini upande wa abiria, wenye ile shokapu ya haraka, ulikuwa bado unarudia mara ya pili.

"Sasa huyu naye?" nikauliza.

"Huyu mwongezee. Mwenye haraka hutulizwa kwa mzigo." Akafungua kiroba kimoja cha upande wa dereva, akapunguza nusu, akaihamishia upande wa pili, akafunga midomo yote kwa kamba ya katani. Akasukuma. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Ule mkao wa kuku anayedonoa ulikuwa umekwisha. Lilikaa sawa kama meza.

Mama wa chai hakuniuliza chochote safari hii. Alinikabidhi kikombe na sufuria. Fundi mwenyewe akaketi pembeni yangu, kikombe kikiwa kati ya miguu yake, macho yake hayakiachi. Tukavuka reli. Chai ilisogea upande huu, ikasogea upande ule, kama mtu anayejigeuza usingizini. Haikutoka hata tone. Tukavuka tena kurudi. Kisha fundi akakinyanyua kikombe, akakinywa chote.

"Jaribio limekwisha, mwalimu," akasema.

Pale shuleni mama mtunza stoo alinisaidia kupanga vyombo katika maboksi, tukijazia pumba za mpunga kila mahali palipokuwa na nafasi. Maboksi tukayapanga kwenye kiti cha nyuma na kuyafunga. Saa nane mchana nikaondoka.

Mpaka Kahama ilikuwa lami, na niliendesha nikisikiliza. Kila sauti nyuma yangu niliichunguza: hii ni pumba, hii ni kamba, hii ni kufuli ya buti. Lami ilipoisha nilipunguza mwendo mpaka bodaboda zikanipita, na waendesha baiskeli wawili nao wakanipita, mmoja akanipungia mkono. Lakini gari lilizama na kuinuka juu ya mashimo kwa utulivu ambao sikuwa nimewahi kuujua tangu nilinunue. Spea za magari manne tofauti, na mchanga wa mtu mwingine, vilikuwa vinafanya kazi moja. Nikaanza kupumua.

Kabla ya Segese palikuwa na kizuizi: mti mrefu juu ya mapipa mawili, na mgambo mwenye filimbi shingoni. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sura. Aliangalia jinsi nyuma ya gari ilivyobeba, akaja dirishani.

"Pole na safari, mama. Una mzigo gani?"

Swali lile lile. Safari hii nilijibu kama shahidi aliyeapishwa. "Shikamoo. Nina vyombo vya kioo vya maabara ya shule, maboksi saba. Na viroba vinne vya mchanga."

"Marahaba. Viroba vinne vya nini?"

"Vya mchanga."

"Kutoka wapi?"

"Shinyanga."

Akageukia mwenzake aliyekuwa kivulini. "Wewe! Njoo usikie. Kuna mtu analeta mchanga Segese!"

"Kuleta?" mwenzake akauliza. "Si kutoa?"

"Kuleta!"

Hata mimi nilisikia jinsi ilivyosikika. Katika eneo ambalo watu huamka na kulala wakitafuta mchanga wenye kitu ndani, mwanamke anasema amesafiri nao kutoka mjini kwa sababu ya springi. Nilieleza hata hivyo. Nilieleza ugumu, uzito na mtikisiko. Nilitaja shokapu yenye haraka na yenye usingizi. Mgambo alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Sawa. Tushushe viroba tuvione."

Nikafungua mlango haraka. "Ukivishusha vyote na kuvirusha ovyo, gari litaruka kabla sijafika, na vioo vitapasuka. Nakuomba, chota humo humo. Chota kila kimoja. Nitasubiri hata mpaka usiku."

Aliifikiria hoja hiyo. Akaagiza karai na maji. Alifungua kiroba cha kwanza, akachota gao moja, akamwagia maji, akaanza kulizungusha karai kwa mikono iliyoijua kazi hiyo kuliko ilivyojua filimbi. Maji machafu yalimwagika ukingoni taratibu, mchanga ukapungua, wote watatu tukainama juu ya kilichobaki. Akarudia kwa kiroba cha pili, cha tatu, cha nne. Mwishoni aliinua uso, na nadhani alikuwa na masikitiko ya kweli.

"Mwalimu, mchanga huu ni maskini kabisa."

"Ndiyo maana nimepewa bure," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaegemea gari, akashtuka, akaondoa mkono haraka kana kwamba angevunja kitu. Akafunga viroba mwenyewe, fundo kwa fundo. Mti ulipoinuliwa, hakurudi kivulini. Alitembea mbele ya gari langu hatua hamsini au zaidi, akinionyesha kwa fimbo yake pa kupita, mahali ambapo malori yalikuwa yamechimba mashimo mawili makubwa. Lilipovuka la mwisho, alipiga filimbi mara moja, akanipungia.

Nilifika jua likiwa bado linaangaza ukuta wa maabara. Sikusubiri mtu. Nilibeba boksi moja moja, nikaketi sakafuni, nikaingiza mikono kwenye pumba na kutoa kila chombo, nikikigonga kidogo kwa ukucha na kukisikiliza. Kioo kizima hutoa mlio mrefu. Nilisikiliza milio ile mmoja baada ya mwingine mpaka boksi la saba. Vyote vililia vizuri. Nilibaki nimeketi pale, pumba zikiwa kwenye nywele na mikono, nikacheka peke yangu kwa muda ambao ningeona aibu kama kungekuwa na mtu mlangoni. Kisha nikampigia simu fundi.

"Mzigo umefika?" akauliza kabla sijasema lolote.

"Kioo kimefika, baba."

"Chote?"

"Chote. Hakuna hata ufa."

"Haya. Springi zako zitakuwa zimeshiba. Sasa usiende kuzinyima."

Jumatatu yule msichana wa dawati la mbele alikuwa wa kwanza kushika bureti. Aliipima na mkono wake, kuanzia begani, akaona inapita ncha za vidole kidogo tu. "Kumbe ni hii!" akasema, kwa sauti iliyokuwa karibu na malalamiko. Kisha akafungua kile kibomba, akaachia tone, tone, tone, na tone moja likageuza rangi ya chupa nzima, na akarudi nyuma hatua moja akimkanyaga mwenzake.

Maabara ilitakiwa pia iwe na ndoo za mchanga za kuzimia moto, jambo ambalo nilikuwa nimeliandika katika kila ripoti bila mafanikio. Wiki ile niliomba ndoo nne za zamani jikoni, wanafunzi wakazipaka rangi nyekundu, tukamimina humo mchanga wote wa Shinyanga. Maana yake ni kwamba gari langu lilibaki na njaa. Jumamosi iliyofuata nililipeleka kwa fundi, ambaye alikuwa ametafuta na kupata springi mbili laini, zenye rangi moja, ingawa nazo alinionya mapema kwamba si za mama mmoja. Njia nzima ya kwenda lilinirusha. Pale kizuizini mgambo aliniona nikija nikiruka kwenye kiti, akauinua mti kabla sijasimama.

"Leo huna mzigo!" akapaza sauti.

"Sina!" nikamjibu, na nikapita juu ya yale mashimo mawili bila kupunguza mwendo.